Kikao cha Kwanza cha Meneja Mpya: Ushauri Kutoka Kisumu

Ukikabidhiwa idara ya kuongoza, tumia sehemu kubwa ya maandalizi kutafuta majibu ya maswali ambayo wafanyakazi watakuja nayo kikaoni, na sehemu ndogo tu kuandika hotuba. Nasema hivi kwa kuwa nilipopewa usimamizi wa ghala la bidhaa za jumla katika eneo la viwanda hapa Kisumu, makarani, madereva, wapakiaji na walinzi walinisikiliza kwa heshima nilipoeleza mipango yangu, lakini walichangamka pale tulipofika kwenye zamu, likizo na usalama wa ajira zao.

Siku ya kikao yenyewe inahitaji busara. Malori ya Busia, Siaya na Kakamega huondoka alfajiri, na kwa sababu hiyo wengi hufikiria Jumamosi alasiri. Katika eneo hili, ambako Waadventista Wasabato wamekuwapo tangu walipoanzisha misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, kuitisha kikao Jumamosi ni kuwalazimisha baadhi ya watu wako kuchagua kati ya ibada na kazi, na Ijumaa adhuhuri Waislamu wana swala yao. Nilichagua asubuhi ya katikati ya wiki, nikaomba malori yachelewe kidogo, na wateja wakaarifiwa mapema.

Kabla ya siku hiyo, zungumza faraghani na yule aliyekuwa akikaimu nafasi yako. Hili naliona kuwa muhimu kuliko ajenda yote. Huenda alitarajia kuthibitishwa, familia yake ilitarajia hivyo, na wenzake wanasubiri kuona utamtendeaje. Mwulize ni kazi gani alizianza ambazo angependa ziendelee, kisha kikaoni mpe nafasi azieleze mwenyewe, huku ukitaja wazi yale aliyoyafanikisha. Usimpe sifa za jumla zinazoweza kumfaa mtu yeyote. Taja jambo mahususi, kwa mfano utaratibu mpya wa kuhesabu mzigo aliouanzisha. Vilevile, dereva mwenye umri wa baba yako anayeitwa Mzee na wenzake, nawe mwite Mzee.

Swali gumu litakuwa hili: je, kuna watakaopunguzwa? Usiahidi kwamba hakuna atakayeondoka, kwa maana uamuzi huo mara nyingi si wako. Unachoweza kufanya ni kueleza unachokijua hadi siku hiyo, na kuwakumbusha kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, inamtaka mwajiri atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi mwenyewe asiye mwanachama, na kwa afisa wa kazi, kisha alipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika kazini. Wapakiaji wengi hawajawahi kuelezwa haya na meneja, na ninaamini wana haki ya kuelezwa. Kuhusu likizo, sheria hiyo hiyo inatoa angalau siku 21 za kazi zenye malipo kamili baada ya miezi 12 ya utumishi. Nenda kikaoni ukiwa umepitia rekodi za kila mmoja.

Endesha kikao kwa Kiswahili ili mlinzi na mhasibu wafuate pamoja, na kisizidi saa moja.

Mtu mmoja aandike kila ahadi uliyotoa pamoja na tarehe yake, na orodha hiyo ibandikwe mahali ambapo zamu zote hupita. Tarehe ikifika kabla makao makuu hayajajibu, waeleze siku hiyo hiyo kwamba bado unafuatilia, bila kusubiri waulize.