Umenunua lori la zamani? Anza na nyundo

Kijana akinunua lori kuukuu hapa Malindi, swali lake la kwanza kwangu huwa ni rangi. Nami humpa nyundo ndogo.

Lala chini ya gari, ugonge chesisi kutoka mbele hadi nyuma, sikio likiwa karibu. Chuma kizima hulia ngaa. Kilichooza hujibu pu, kama embe lililoiva kupita kiasi, na kutu hukudondokea usoni, kwa hivyo vaa miwani. Malori mengi ya huku yamebeba chumvi ya Gongoni na Marereni. Chumvi hujificha pale chuma kinapolalia chuma: kwenye ribiti, nyuma ya vishikio vya springi. Kutu ya huko hufura hadi ikatanua vyuma viwili vilivyobanwa pamoja. Bedford TJ niliyonunua, modeli iliyotoka 1958, ilikuwa na kebini inayong'aa. Nilipofika kwenye kishikio cha springi ya nyuma, nyundo ikazama. Aliyeniuzia alikuwa amechomelea bati juu ya tundu, akalipaka nyeusi. Sikumrudia, kosa lilikuwa langu, nilinunua kwa macho.

Breki zifuate, na hapa sina mzaha. Viatu vya breki vya zamani vingi vina asbestosi. Usipulize vumbi kwa kompresa kama tulivyofanya sisi. Lowesha kwa maji, futa, tupa kitambaa.

Na magurudumu! Rimu za ringi, zile ambazo tairi hushikiliwa na pete ya chuma inayotolewa, zimeua mafundi. Kabla hujaanza kufungua, toa kipini cha valvu hadi upepo uishe kabisa. Ringi isugue kutu yote, hasa mfereji unaoikalia, maana isipokaa sawasawa, itaruka. Wakati wa kujaza upepo, zungushia tairi mnyororo, tumia mpira mrefu, simama kando. Taniboi wangu alijaza bila mnyororo akiwa amechuchumaa mbele, akaitwa kunywa chai. Hakufika mezani. Ringi ilipasua bati la paa la gereji, ikatua uani. Lile tundu sijaliziba. Kila mgeni nikimleta humwonyesha.

Kuendesha nitasema kidogo, maana hujifunzwa kwa mguu. Gia isiyo na sinkro, kile kifaa kinachosawazisha mwendo wa meno ya gia, hudai klachi mara mbili. Ukiteremsha gia: kanyaga, toa gia, achia klachi ukakanyage mafuta kidogo injini ipande, kanyaga tena, ndipo utie. Ikikukwaruzia, hukusubiri injini. Kabla ya lami, barabara ya Garsen kwenda Mokowe ilinifunza hayo. Mvua ikishanyesha kwenye udongo mweusi, ukikosa gia umesimama, na ukisimama umelala hapo. Mzee aliyenifundisha hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akifunika rev kaunta, ile saa ya mizunguko ya injini, kwa kitambaa na kuniambia, "Sikiza, usitazame."

Bodi ya mbao ndiyo iliyonipeleka mbali. Seremala wa mjini aliniambia mbao zote zitupwe. Nikaliacha lori Mokowe, nikavuka kwa boti hadi Lamu, nikafika Matondoni kwa watengeneza majahazi. Fundi mmoja akachomeka kisu katika kipande cha ubavu nilichobeba, akasema, "Huu mbambakofi, utakuzika wewe." Akanikatia kiungo kipya pale palipooza tu, akanipa kopo la sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa majahazi.

Nikarudi nikazipaka mbao zote. Harufu ilidumu miezi. Kila asubuhi nilikuta paka watano juu ya bodi, na mmoja alizalia mle ndani. Rangi ya kebini niliipaka baada ya hapo, kwa brashi, Jumamosi moja.