Nimefomati diski yenye tasnifu yangu: je, faili zitarudi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina diski ya nje niliyohifadhia tasnifu yangu ya miaka miwili pamoja na picha za familia. Wiki hii nilipoichomeka, kompyuta ilisema lazima niifomati kwanza ndipo niitumie. Nikakubali, ikamaliza ndani ya sekunde chache, na sasa diski ni tupu. Nakala nyingine ya folda hiyo ilikuwa kwenye laptopu yangu yenye SSD, lakini niliifuta wiki tatu zilizopita ili kupata nafasi, nikamwaga na pipa la taka. Fundi mmoja anasema hakuna kitakachorudi, mwingine ananihakikishia kuwa vyote vitarudi. Nimwamini nani?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Kabla ya maelezo yoyote, kama diski hiyo ya nje bado imechomekwa, ichomoe sasa hivi. Usihifadhi kitu chochote ndani yake, hata programu ya kurejesha faili.

Mafundi wako kila mmoja ameshika upande mmoja wa jambo. Wa kwanza anakaribia ukweli tukizungumzia laptopu. Wa pili anakaribia ukweli tukizungumzia diski ya nje, ingawa hakupaswa kukuahidi "vyote" kabla ya kuichunguza.

Unapofuta faili, au unapofomati kwa njia ya haraka, kompyuta kwa kawaida haigusi yaliyomo kwenye faili. Inabadilisha tu orodha inayoonyesha faili gani imekaa wapi, kisha inahesabu nafasi ile kuwa huru. Ni kama mwenye nyumba anayefuta jina la mpangaji kwenye daftari ilhali mpangaji mwenyewe bado yumo chumbani. Atatolewa siku atakapoletwa mwingine. Ndiyo maana nimekusihi usiandike chochote juu ya diski hiyo. Kila faili mpya ni mpangaji mpya, na huwezi kujua atapewa chumba kipi.

Zile sekunde chache ulizozitaja ni habari njema. Zinaonyesha kuwa ulifomati kwa haraka. Tangu Windows Vista, kufomati kikamilifu huandika sifuri kwenye diski nzima, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa kwa diski kubwa, na baada ya hapo hakuna programu inayoweza kukusaidia. Kwenye NTFS, mfumo ambao Windows huutumia kupanga faili diskini, kufomati kwa haraka huanzisha orodha mpya lakini sehemu kubwa ya orodha ya zamani mara nyingi husalia, hivyo faili zinaweza kurudi na majina yake na folda zake.

Hayo yote yanahusu diski yenye sahani inayozunguka, na nadhani yako ni ya aina hiyo kwa kuwa diski nyingi za nje ndivyo zilivyo. SSD, yaani diski isiyo na sahani wala kitu kinachozunguka, ni jambo jingine. Tangu Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, kompyuta inapofuta faili kwenye SSD huipelekea diski amri iitwayo TRIM, yaani huiambia kuwa nafasi hizi hazihitajiki tena. Diski nayo huzisafisha kwa wakati wake, bila kusubiri faili mpya ije. Baada ya wiki tatu, faili ulizofuta kwenye laptopu zihesabu kuwa zimekwenda. Usikubali kumlipa mtu anayeahidi kuzichimbua humo.

Hata hivyo laptopu hiyo ifungue kwa sababu nyingine. Kama folda ile iliwahi kuunganishwa na Google Drive au OneDrive, ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari leo hii na utazame pipa la taka la huko mtandaoni. Huduma hizo mbili, kwa akaunti za kawaida za watu binafsi, hutunza vilivyofutwa kwa siku 30 kisha huviondoa moja kwa moja. Wewe umeshatumia wiki tatu. Halafu nenda kwenye folda mama ilimokuwa folda yako, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua sifa zake, na utazame sehemu ya matoleo ya awali. Ikiwa ulinzi wa mfumo ulikuwa umewashwa, unaweza kukuta nakala ya folda jinsi ilivyokuwa mwezi uliopita. Na usisahau barua pepe: sura za tasnifu ulizomtumia msimamizi wako bado ziko kwenye barua ulizotuma. Watu wengi wamepata nusu ya kazi yao humo huku wakihangaika na programu.

Sasa turudi kwenye diski ya nje. Tafuta diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Kitu cha kwanza cha kufanya ni kunakili diski nzima, sekta kwa sekta (sekta ni vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa), iwe faili moja kubwa kwenye diski hiyo ya pili. Kutafuta tasnifu kutafuata baadaye. Programu ya bure ya GNU ddrescue inaifanya kazi hii vizuri: inachukua kwanza sehemu zinazosomeka, inaruka zile mbovu, kisha inazirudia mwishoni. Ukishapata nakala hiyo, diski halisi iweke kando. Majaribio yote yafanyike juu ya nakala, kwa hiyo ukikosea unaanza upya bila hasara. Hatua hii huchosha, na wengi huiruka. Mimi naiona kuwa ndiyo inayomtofautisha fundi makini na mbahatishaji, nawe una haki ya kumwuliza fundi yeyote kama ataifanya.

Baada ya hapo jaribu TestDisk, ambayo inaweza kutafuta sehemu za diski zilizopotea na kuorodhesha faili za zamani. Ikishindwa, ndugu yake PhotoRec haitegemei orodha kabisa. Inasoma diski mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili. Picha za JPEG huanza na baiti FF D8 FF. Hati ya Word ya docx kwa ndani ni kifurushi cha ZIP, kwa hiyo huanza na herufi PK, za jina la Phil Katz aliyeubuni muundo huo. Hasara ya njia hii ni kwamba majina na folda hupotea. Utapata maelfu ya faili zenye namba tu, na ile iliyokuwa imegawanyika vipande diskini inaweza kutoka ikiwa mbovu. Kwa picha hilo linavumilika. Kwa tasnifu, zipange kwa ukubwa na tarehe, kisha uzifungue moja moja.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi. Kwa nini kompyuta ilikuomba uifomati? Ujumbe huo kwa kawaida huja pale kompyuta inaposhindwa kuusoma mwanzo wa diski. Pengine ilichomolewa ghafla wakati inaandika, pengine inaanza kufa. Ukisikia inagonga au inakwaruza, au ikijitokeza na kupotea, izime usiiwashe tena. Huenda vichwa vya kusomea vinagusa sahani, na kila dakika inapozunguka inakula data. Hapo kazi inahitaji maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Kuifungua mezani ni kuimaliza.

Ujumbe huo ukikutokea siku nyingine, jibu ni "hapana". Mara nyingi faili huwa bado zimo zote.

Umeniuliza kuhusu kurejesha tu, lakini siwezi kukuacha bila kugusa nakala rudufu, kwa sababu kosa lililokuumiza zaidi ulilifanya wiki tatu kabla. Siku ulipofuta folda ya laptopu, diski ya nje iliacha kuwa nakala ikawa faili pekee. Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: data iwe mahali 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati yake iwe mbali na ulipo. Hilo la umbali si la kupuuza. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea, na baadhi ya wateja walipoteza kila kitu kwa kuwa nakala zao nazo zilikuwa pale pale.

Usidhani pia kwamba folda inayojisawazisha na mtandao inatosha. Usawazishaji unabeba kila badiliko, na kufuta ni badiliko pia. Kwa hiyo ongeza diski inayochomekwa wakati wa kunakili tu, kisha inachomolewa, kwani virusi vinavyofunga faili na kudai fidia hufika hadi kwenye diski iliyochomekwa.

Halafu jaribu kurejesha. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu mtandaoni, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya kampuni hiyo. Walikuwa na njia kadhaa za kunakili, lakini nakala ya kila siku waliyoitegemea haikuwepo: toleo la programu halikulingana na la hifadhidata, na barua pepe za kuonya kuhusu hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono takriban saa 6 kabla. Kwako wewe jaribio ni dogo: kila mwezi chagua faili moja kwenye nakala, ifungue kwenye kompyuta nyingine, uisome hadi ukurasa wa mwisho.

Diski uliyoifomati usianze kuitumia hata ukifanikiwa. Iweke kama ilivyo mpaka uwe umefungua sura zote za tasnifu na picha zote, na zimekaa mahali pengine pawili. Kisha ipime afya kwa programu inayosoma taarifa za SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Ukikuta sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa zinaongezeka, usiiwekee kitu chochote cha maana tena.