Ukitaka kujaribu programu yako na watumiaji wenye ulemavu, jiandae wewe kwanza

Msomaji mmoja anayetengeneza programu ya simu kwa ajili ya vikoba ameandika kuuliza: je, akiwafunga vitambaa machoni vijana wa ofisini kwake na kuwasha TalkBack, kile kisoma skrini cha simu za Android kinachosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, atakuwa amemaliza utafiti wa watumiaji wasioona? Na kama haitoshi, wahusika wenyewe atawapata wapi, na wakishafika afanye nao nini?

Swali la kwanza halina mjadala. Kijana aliyefungwa kitambaa anakuonyesha dakika kumi za mwanzo za mtu asiyejua kuishi bila kuona: anapapasa, anaogopa, anakata tamaa. Mtu aliyetumia TalkBack miaka mitano hapapasi. Anatelezesha kidole kulia kwenda hatua inayofuata, anagonga mara mbili kufungua, na simu yake inaongea kwa kasi ambayo wewe hutaambulia neno. Akikwama kwenye skrini yako, kilichomkwamisha sicho kilichomkwamisha yule kijana. TalkBack iwashe mwenyewe mezani kwako. Kwenye simu nyingi za Android, ukishawezesha njia ya mkato kwenye mipangilio, unashikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde tatu. Pita skrini zote, uondoe vitufe visivyo na jina na picha zisizo na maelezo. Hapo umefagia uwanja tu, mgeni bado hajafika.

Mgeni akifika ndipo wengi wanapoharibu. Sehemu kubwa ya yanayoandikwa kwenye ripoti kwamba "mtumiaji alishindwa" ni kasoro za maandalizi ya mtafiti. Simu haikuwa yake. Namba ya kupelekea pesa ilisomwa kwa mdomo huku TalkBack nayo inaongea. Mkalimani wa lugha ya alama hakuonyeshwa maneno ya programu kabla. Ripoti inapanda kwa wakubwa, pesa zinatumika kurekebisha pasipo na ubovu, na penye ubovu panabaki vilevile.

Tuanze na kuwapata. Tanzania Bara kuna SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na ndani yake vyama kama TLB cha wasioona, CHAVITA cha viziwi na TAS cha watu wenye ualbino. Zanzibar kuna SHIJUWAZA, na Kenya kuna UDPK. Pitia huko, lakini usiishie makao makuu. Ukiomba "watu sita" bila maelezo zaidi, utaletewa viongozi: watu wazuri, wenye simu nzuri, waliohudhuria semina nyingi kiasi kwamba wanajua unachotaka kusikia. Sema unamtafuta nani hasa. Kwa programu ya vikoba, omba mwanachama wa kikoba, anayeweka hisa kila wiki, awe muuza nguo, fundi cherehani au mwanafunzi wa chuo, na omba kupitia tawi la wilaya. Kazi ya tawi ya kutafuta watu ilipe peke yake; isikatwe kwenye posho ya mshiriki.

Kwenye simu ya kwanza usimhoji mtu kuhusu hospitali na chanzo cha ulemavu wake. Tumia maswali sita mafupi ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu, yale yanayotumika kwenye sensa nyingi: ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia na kuwasiliana, kila moja likiwa na majibu manne kuanzia "hakuna ugumu" hadi "siwezi kabisa". Kisha ongeza ya kwako: anatumia simu gani, kisoma skrini gani, tangu lini, maandishi ameyakuza kiasi gani. Na moja ambalo watu hulisahau: nani huingiza namba ya siri anapotuma pesa? Ukiambiwa ni mtoto wa dada au wakala wa mtaani, umeshapata tokeo kubwa la utafiti kabla hujafungua programu.

Idadi isikusumbue sana. Wasioona watano hawatakuambia lolote kuhusu viziwi, kwa hiyo ni afadhali watatu au wanne kwa kila kundi, wenye uzoefu tofauti, kuliko kumi wa aina moja. Kuhusu malipo sina mengi: mlipe sawasawa na unavyomlipa mshiriki mwingine yeyote, kisha ongeza nauli halisi. Anayetumia kiti cha magurudumu hapandi daladala saa mbili asubuhi. Ni bajaji au teksi, kwenda na kurudi, kutoka mlangoni kwake. Msindikizaji naye ana nauli na chakula. Ukilipa kwa simu, weka na ada ya kutolea. Kwa sahihi ya stakabadhi, kata kadi ngumu tundu la urefu wa sentimita nane na upana wa sentimita moja na nusu, uiweke juu ya mstari. Asiyeona anayejua kuandika jina lake atasaini ndani ya tundu hilo, na hakuna atakayemshika kidole kumchovya kwenye wino kama hakutaka mwenyewe.

Chumba kipime kwa futi kamba, usiulize kwa simu. "Panafikika" ya mlinzi wa getini maana yake mara nyingi ni ngazi tatu tu na vijana wa kumbeba mtu. Mlango uwe na nafasi ya wazi isiyopungua sentimita 80, na 90 ni bora; pa kugeuzia kiti pawe na mita moja na nusu; chini ya meza pawe na kama sentimita 70 ili magoti yaingie. Angalia choo. Uliza umeme ukikatika lifti inakuwaje. Ukiona haya yote yanakushinda, mfuate mshiriki kwake au kwenye ofisi ya tawi, ambako pengine utaona mengi zaidi.

Sasa simu, na hapa nitakaa kidogo.

Atumie simu yake mwenyewe. Kasi ya sauti, lugha ya sauti na ishara alizozizoea, vyote vimo humo. Ukimpa ya kwako iliyotoka dukani jana, utapima jinsi anavyoizoea simu ngeni. Tena simu za watu wengi ni za kumbukumbu ndogo, na TalkBack ikiwaka programu yako inaweza kuwa nzito kwa namna ambayo simu ya ofisini haitakuonyesha kamwe. Ila usimwekee faili la programu ambayo bado haijawekwa kwenye duka la programu, kwenye simu iliyo na laini yake ya pesa. Kama programu bado haijatoka, tafuta simu ya aina ileile, kaa naye dakika 15 mwige mipangilio yake yote, na tumia akaunti ya majaribio yenye pesa za kubuni. Michoro ya skrini iliyounganishwa tu haitakusaidia, kwani kisoma skrini kinahitaji vitufe vya kweli vyenye majina. Ukurasa mdogo wa wavuti (HTML) wenye fomu moja unafaa kuliko michoro mizuri ishirini.

Kurekodi nako kuna mitego mitatu. Programu za pesa huzuia kurekodi skrini, hivyo video inatoka nyeusi. Sauti ya TalkBack mara nyingi haiingii kwenye rekodi ya ndani ya simu. Na wasioona wengi huficha skrini yao ili jirani asichungulie salio, kwa hiyo hata ukisimama nyuma yake huoni kitu. Dawa ni simu ya pili kwenye kishikio, ikiangalia mikono na skrini kutoka juu, pamoja na kinasa sauti pembeni. Mwombe afungue skrini, na umweleze kwa nini. Namba ya siri inapoingizwa, rekodi isimame. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zote zinazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa nyeti. Fomu ya ridhaa itaje wazi video itaonwa na nani na itafutwa lini. Asiyeona msomee au mtumie mapema aisikilize mwenyewe. Usimwambie "saini hapa, ni utaratibu tu".

Watafiti wamefundishwa kumwomba mshiriki aseme kwa sauti anachofikiri. Kwa anayetumia kisoma skrini, hilo ni kumtaka asikilize na kuongea kwa wakati mmoja, na atakosea kwa sababu yako. Mwache amalize kazi nzima, kisha rudini pamoja hatua kwa hatua: hapa ulisimama, ulikuwa unasubiri nini? Maelekezo usiyajenge juu ya macho. "Bonyeza kijani pale chini" ni kupoteza muda. Mwambie, "Weka hisa zako za wiki hii," na neno lililoandikwa kwenye kitufe usilitamke, maana atalitafuta hilohilo. Namba ya kupelekea pesa mpe kwa ujumbe mapema.

Kisha nyamaza. Akipitia vipengele 14 kabla ya kufika "Endelea", vihesabu. Sikiliza sauti ya simu inasema nini. Ukurasa wa Kiswahili ambao msanidi ameuwekea alama ya Kiingereza, lang="en", utasomwa kwa sauti ya Kiingereza, na "Ingiza namba ya siri" itatoka kama sala ya mlevi. Kurekebisha ni kubadili herufi mbili kuwa sw. Tazama pia pale ujumbe wa "Imekamilika" unapopita sekunde mbili bila kusomwa: mtu hajui kama pesa zimekwenda, anatuma tena. Angalia na msimbo wa kuthibitisha unaokwisha muda wakati anatoka kwenda kuusoma kwenye ujumbe na kurudi.

Kwa viziwi, mambo ni mengine kabisa. Kipindi kikizidi saa moja, lipa wakalimani wawili wapokezane kila dakika 20 hivi; mmoja akichoka, tafsiri inapungua na hutajua. Ndugu wa familia asiwe mkalimani, hasa penye siri za pesa. Mkalimani akae kando yako, nyuma kidogo, mshiriki awaone wote wawili, na wewe umtazame mshiriki. Wape wakalimani maneno ya programu siku mbili kabla: hisa, riba, dhamana, mdhamini. Mshiriki hawezi kutazama simu na mikono ya mkalimani kwa pamoja, kwa hiyo hakuna kuongea akiwa anabonyeza. Na usidhani kadi ya maelekezo iliyoandikwa imemaliza kazi. Kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, na sentensi kama "Umetumiwa ombi la kuidhinishiwa mkopo" inamwangusha mtu ambaye skrini yenyewe isingemwangusha. Rekodi maelekezo na ridhaa kwa video ya lugha ya alama, ya Tanzania au ya Kenya, kwani ni lugha mbili tofauti. Halafu tazama programu inafanya nini ikikwama: ikiwa msaada pekee ni "Piga simu huduma kwa wateja", andika hilo juu kabisa.

Mwenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino, mkalishe mgongo ukiwa dirishani. Atakuwa amekuza maandishi hadi mwisho, na hapo utaona kitufe cha "Thibitisha" kimesukumwa nje ya skrini. Kwa mikono inayotetemeka au isiyo na nguvu, beba kishikio cha simu na upime ukubwa wa vitufe. Android inapendekeza dp 48 (dp ni kipimo chake cha ukubwa wa vitu kwenye skrini). Anayeongea kwa shida usimmalizie sentensi. Rudia ulichosikia, akuthibitishie.

Ripoti ndipo kazi nyingi nzuri hufia, na kwa kweli inaudhi kuona mapendekezo yaleyale yakiandikwa mwaka hadi mwaka. Usipeleke kurasa 40. Peleka vipande vya video vya nusu dakika, kila kimoja na kasoro moja, jina la skrini, aina ya simu, toleo la TalkBack, na jina la msanidi atakayeishughulikia. Ya kwanza iwe ile inayomfanya mtu ampe mwingine namba yake ya siri, kwa sababu hapo ndipo anapoibiwa. Likitoka toleo jipya, warudie walewale wawili au watatu waliokwama, kwa malipo yaleyale. Kilichorekebishwa na kilichoshindikana, wajulishe wote: wasioona kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, viziwi kwa video.