Jibu: Mtoto wa mbwa wa wiki sita anaharisha tangu afike nyumbani

Mkuu, salama? Umesema ana siku tatu kwako, unampa ugali na maziwa ya ng'ombe, na anaharisha majimaji.

Kwanza mwangalie mdomoni. Fizi ziwe za waridi na zenye mate. Zikiwa nyeupe au kavu, au kinyesi kina damu na harufu kali, au anatapika na kulala tu, acha kusoma hapa, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Hiyo yaweza kuwa parvo, ugonjwa hatari wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na umri huu anaweza kufa ndani ya siku mbili.

Kama bado anacheza, mkosaji wa kwanza ni maziwa. Yaondoe kabisa; tumbo lake halimudu sukari iliyomo. Mpe wali bokoboko na kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, bila chumvi wala kitunguu, vijiko viwili vitatu mara nne kwa siku. Usimfungishe kula, sukari ya mwili itashuka. Maji safi yasikosekane.

Mkosaji wa pili ni minyoo, hasa kama tumbo limejaa kama ngoma. Dawa hupimwa kwa uzito, kwa hiyo mpime kwanza, kisha irudiwe baada ya wiki mbili. Vidonge vya binadamu usiguse.

Chanjo ianze akishapona, halafu kila wiki tatu hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Kabla ya hapo asitembezwe mtaani.