Nimepewa chumba cha marehemu bibi, silali kwa raha

Binti wa miaka 26 kutoka Mji Mkongwe, Zanzibar, ameniandikia: "Bibi alipofariki nikapewa chumba chake cha juu kwenye nyumba ya ukoo, ya tangu enzi za masultani. Shangazi zangu wanaingia bila hodi, sanduku lake siruhusiwi hata kulisogeza, na chokaa inanimwagikia kitandani kila usiku. Nimeongea na fundi apige simenti, azibe vidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, aweke tailizi. Shangazi mkubwa kasema nikigusa ukuta nihame. Nimekosa nini?"

Pole mwanangu. Kulala chumba ambacho kila mtu anakiita cha marehemu ni mtihani, unajiona mgeni juu ya kitanda chako mwenyewe. Kwenye hodi wewe una haki kabisa, we ni mtu mzima, waambie kwa adabu lakini waambie, na mlango ufunge.

Ila fundi asije, nakuomba sana. Ukuta huo ni mawe ya matumbawe na chokaa, unakunywa maji na kuyatoa wenyewe taratibu, sasa ukiupaka simenti unyevu unakosa pa kutokea, unabaki ndani unakula chokaa na kuozesha vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani, na hizo boriti ndo zimebeba dari juu ya kichwa chako. Mwaka wa kwanza utauona unang'aa, baadae plasta inabanduka vipande vipande na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Halafu mirathi kama haijagawiwa, hivyo vidaka unavyotaka kuziba ni vya watu wengi, na Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, matengenezo kama hayo yanataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi.

Wala usikae kimya na hiyo chokaa inayomwagika. Beit al Ajaib, hapo hapo Mji Mkongwe, ni jumba la 1883, sote tuliona upande wake ulivyoporomoka Desemba 2020 na watu wakafa. Hamisha kitanda leo kikae mbali na hapo, kisha mpandishe mtu juu akaangalie paa na mfereji wa maji ya mvua, mara nyingi maji yanaingilia huko, halafu tafuta fundi wa chokaa, mzee anayeijua kazi, na gharama mchangie ukoo mzima.

Kuhusu sanduku, mimi naona shangazi yako bado analia. Ukuta kwake ndo mama yake aliyebaki. Mfuate siku ametulia, mwambie "shangazi njoo tulifungue sote," mzitoe kanga za bibi moja moja mzianike juani, zinazofaa mgawane, na kwenye kidaka kilicho karibu na kitanda ukiweke chetezo chake cha udi. Vidaka vilivyobaki panga vitabu vyako, mafuta yako, chaja yako. Ukishamaliza hayo niandikie tena, nataka kujua alisema nini.