Boti ya kina kifupi kwenda joshi (yaani kuelekea upepo unakotoka), inawezekana?
Inawezekana kaka, boti ya tanga ya kina kifupi inakwenda joshi vizuri tu ila lazima ushushe ule ubao wa katikati unaoingia majini chini ya boti, ukiupandisha inaelea hata kwenye maji ya nusu mita hivi lakini upepo wa ubavuni unaisukuma demani (kule upepo unakoelekea) mpaka utashangaa. Zile za mikuku miwili (mapezi mawili yasiyopanda wala kushuka chini ya boti) hazina cha kushusha, maji yakipwa zinakaa wima mchangani zenyewe, ila kwenye kubisha, yaani kupanda joshi kwa kukata kushoto na kulia, ni nzito kidogo. Mimi ningechukua ya ubao. Ubaya wake kasha la ubao linakula nafasi katikati ya kebini, na kokoto zikiingia humo boti ikiwa imekaa chini ubao unakwama kabisa, so angalia kama kuna tundu juu la kuusukumia. Usukani nao uwe wa kunyanyuka, la sivyo ndo utakaogonga kwanza. Farumi, ule uzito wa kuituliza boti isipinduke, mara nyingi iko ndani chini ya sakafu, usije ukaitoa eti unapunguza uzito!! Na kwenye nanga usibane hela, chukua nzito na mnyororo wa kutosha.