Usinunue stata kabla hujashika mita

Papa potwe wakianza kuonekana karibu na Kilindoni, kuanzia mwezi wa kumi hivi, kila boti ya watalii hapa Mafia inatakiwa majini siku ileile. Zile zilizolala pwani muda mrefu ndizo zinazoleta vituko. Simu zinaanza: "Fundi, stata imekufa, niagizie nyingine Dar." Huwa nauliza swali moja tu: umepima?

Boti ninazoshughulika nazo ni za faiba, mashine zake za kufunga tezini. Stata yenyewe, ile mota ndogo ya kuanzishia mashine, mara nyingi ni nzima. Kinachokufa ni njia ya kuifikishia umeme.

Anza kwa kusikiliza. Ukiwasha ukasikia ta-ta-ta-ta, betri imeshuka au kuna kiungo kimeliwa na chumvi: solenoidi, yaani swichi ya umeme ya stata, inavuta, umeme unaanguka, inaachia, inavuta tena. Mlio mmoja, tak, kisha kimya, hapo shuku solenoidi yenyewe au kaboni za stata zilizokwisha. Kimya kabisa? Tazama gia. Mashine nyingi hazipigi stata mpaka gia iwe huru, na kile kiswichi cha gia kikiingia chumvi kinaziba njia hata kama gia iko huru. Halafu fyuzi. Ukisikia stata inazunguka kwa kasi lakini mashine haigeuki, bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayosogea kushika mashine, imeganda kwenye shafti. Isafishe kwa mafuta ya taa, itie oili nyepesi kidogo. Grisi nzito hapana, inashika mchanga na baada ya muda mfupi utaifungua tena.

Sasa mita ya kupimia volti. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 hivi, na wengi wakiona hivyo wanaridhika. Wasiridhike. Weka ncha za mita kwenye vichwa vya betri, mwenzako apige stata. Ikishuka chini ya 9.6, betri haiwezi tena mzigo. Ikibaki juu na stata bado inajikokota, umeme unapotelea njiani. Hapo ndipo ninapofanya kipimo ninachokiamini kuliko vyote: ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha mashine, kisha piga stata. Ikizidi nusu volti, mbaya wako ni waya mweusi. Watu hubadilisha ule mwekundu peke yake, ilhali umeme uliokwenda kwa chanya lazima urudi kwa hasi. Menya plastiki karibu na kiungo. Ukikuta shaba nyeusi au ya kijani, kata mpaka ufikie inayong'aa, funga kichwa kipya. Ukipata waya wa boti, ule ambao kila uzi umepakwa bati, toa pesa bila kulalamika.

Usikandamize stata zaidi ya sekunde kumi kwa mpigo, iache ipoe. Na ile kamba ya dharura ya kuvutia mashine ikae botini, nahodha awe ameshajaribu kuitumia ufukweni. Wenye mashine ya petroli ya ndani ya boti, msikubali stata ya gari hata ikiingia sawasawa. Ya boti imezibwa cheche zisitoke nje, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini ngamani.

Tuje kwenye faiba, ambako haraka ndiyo inayoharibu kazi. Maji ya bamvua yakipwa, boti inakaa juu ya mwamba, mkuku unasagika. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui kuzunguka mahali pa kufungia kamba kwa kawaida ni za jelikoti tu, lile tabaka la juu la faiba, lakini jiulize kwa nini pale: chini yake pananesa, na ukipaka juu bila kupaimarisha, zitarudi. Gonga kwa mpini wa bisibisi ukisogea polepole. Sauti kavu, pazima. Sauti butu, matabaka yameachana au yamelowa. Zungushia chaki.

Kisha osha kwa maji baridi ya kisima, zaidi ya mara moja, kwa sababu chumvi iliyobaki inavuta unyevu. Ikaushe kwa siku kadhaa. Bandika kipande cha nailoni angavu kwa utepe kingo zote, kikae mpaka kesho. Ukikuta matone ndani yake, bado.

Futa kwa asitoni kwanza, ndipo usage, la sivyo unaisukumiza ndani nta iliyoko juu ya faiba. Kingo za pale palipoharibika zisagwe zilale, upana mara 12 ya unene. Faiba ya milimita 5 inataka milimita 60 kila upande. Mwenye boti atapiga kelele kwamba unamkuzia tundu, mwache apige. Kiraka kikiegemea ukingo uliosimama wima kitabanduka.

Kwa joto letu, hadna, yaani kigandishi, asilimia moja ya resini ya poliesta, ile gundi ya majimaji ya faiba, inatosha, asubuhi, kivulini, na changanya kidogo kidogo. Ukizidisha inachemka kwenye kopo na kutoa moshi. Vaa miwani: hadna ikiingia jichoni inaweza kupofusha, osha kwa maji safi dakika 15 papo hapo, kisha hospitali. Mati, ule mkeka wa nyuzi za faiba, kubwa kwanza, ndogo juu yake, ukitoa mapovu kwa rola. Puti ya magari isiguse sehemu inayokaa majini, inanyonya maji.

Epoksi, resini ya aina nyingine, inashika vizuri zaidi kwenye faiba ya zamani, ila itumie na kitambaa cha kufumwa, kwa sababu gundi ya mati ya kawaida imetengenezwa iyeyuke kwenye poliesta. Na ukishaweka epoksi, malizia kwa rangi. Jelikoti ya poliesta juu yake haikauki vizuri wala haishiki.